Mwalimu Aendapo Japani, Darasa Letu Hupata Nini?



Ndugu wasomaji, mwalimu akirejea kutoka safari ya mbali huulizwa maswali matatu: alikula nini, aliona nini, na ametuletea nini. Tuliporudi kutoka Japani tuliulizwa hayo msikitini, sokoni na barazani, nasi tuliyajibu kwa furaha. Tulisimulia habari za treni zinazoondoka kwa dakika ile ile iliyoandikwa, za mitaa safi isiyokuwa na mapipa ya taka, na za baridi ya Novemba inayomfanya mtu wa pwani alitamani jua la Mombasa analolilalamikia kila siku. Lakini liko swali la nne ambalo wachache waliliuliza, nalo ndilo tunalokusudia kulijibu wiki hii. Mtoto aliyeketi kwenye dawati hapa nyumbani amefaidika nini na safari ya mwalimu wake? Ikiwa hakufaidika na chochote, basi safari ile ilikuwa matembezi, hata kama msafiri alirudi na cheti.

Kusafiri kwa ajili ya elimu si jambo geni kwetu. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alikwenda hadi Makka na Hadhramaut kutafuta elimu, kisha akakaa Unguja akisomesha mpaka alipofariki mwaka 1925. Safari zake twazijua leo kwa sababu ya wanafunzi aliowaacha. Mizigo aliyorudi nayo kwenye jahazi hakuna anayeikumbuka.

Wajapani nao walianza kwa kusafiri. Mwaka 1871 serikali yao ilituma ujumbe mkubwa ulioongozwa na Iwakura Tomomi kuzunguka Marekani na Ulaya, kutazama namna mataifa mengine yanavyoendesha mambo yao, zikiwemo shule. Mwaka uliofuata walitangaza mpango wa elimu kwa nchi nzima, wakafungua chuo cha walimu mjini Tokyo, na wakamwajiri Mmarekani, Marion Scott, awaonyeshe namna ya kufundisha darasa zima kwa pamoja mbele ya ubao. Mwaka 1875 wakawatuma vijana, miongoni mwao Isawa Shuji na Takamine Hideo, wakasomee ualimu Marekani. Waliporudi mwaka 1878 wawili hao walikabidhiwa chuo kile kile cha Tokyo wakibadilishe.

Katika ujumbe wa Iwakura walikuwamo pia wasichana watano. Mdogo wao, Tsuda Umeko, alikuwa na umri wa miaka sita alipopanda meli. Alikaa Marekani miaka 11, na aliporudi mwaka 1882 ilimlazimu kujifunza upya lugha ya mama yake. Mwaka 1900 alifungua shule ya wasichana ambayo leo ni chuo kikuu, na tangu mwaka 2024 sura yake imo kwenye noti ya yen 5,000. Tuliposhika noti hiyo dukani tulitafakari kidogo. Taifa lile limeweka juu ya fedha yake picha ya mwalimu aliyesafiri kwenda kusoma, kisha akarudi kusomesha.

Mlango wetu sisi Wakenya ulifunguliwa zamani kidogo. Tangu mwaka 1998 serikali yetu na ile ya Japani, kupitia shirika lake la JICA, zilianzisha mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari, uliojulikana kwa jina la SMASSE. Walimu wengi wa hisabati na sayansi nchini walihudhuria mafunzo yake wakati wa likizo, na baadhi yao wakapelekwa Japani kujionea wenyewe. Sisi tulifuata njia hiyo hiyo, na mji tuliopelekwa ni Hiroshima.

Wasomaji wetu wengi walitaka kujua habari za ibada na chakula, kwa hiyo tutazieleza kwa ufupi. Hapa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini tunaposali. Kule kibla kiko magharibi, kikiegemea kaskazini kidogo, na siku za mwanzo mwili ulikuwa ukigeuka wenyewe kuelekea ulikozoea. Wenyeji wetu walitutengea chumba kidogo na hawakutuuliza maswali mengi. Kuhusu chakula, wali na samaki vilikuwapo kwa wingi, jambo linalomtuliza mtu wa pwani. Hata hivyo ilitubidi kujihadhari, kwani mchuzi unaoonekana kuwa wa samaki peke yake huenda ukatiwa mirini, ambayo ni mvinyo wa mchele wa kupikia. Siku moja ya mapumziko tulipanda treni hadi Kobe, tukasali katika msikiti uliofunguliwa mwaka 1935, ambao ndio wa kwanza nchini humo. Jengo hilo lilisalimika katika mabomu ya vita mwaka 1945 na katika tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1995. Subhanallah.

Sasa tuingie shuleni. Shule tuliyozuru ilikuwa ya msingi, ya serikali, viungani mwa mji. Asubuhi watoto walifika kwa miguu, makundi makundi, wakubwa wakiwatangulia wadogo. Hatukuona msururu wa magari ya wazazi langoni. Penye vivuko vya barabara walisimama wazee wa mtaa wakiwa na vibendera, wakiwavusha watoto na kuamkiana nao. Watoto wa umri wa miaka sita na saba walikuja bila ya mama wala baba, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umejifanya mzazi. Mtindo huo waujua wazee wetu wa Mji wa Kale. Ni sisi tuliouacha ukafifia.

Mlangoni kila mtoto alivua viatu vyake, akaviweka katika kisanduku chake kwenye kabati na kuvaa viatu vya ndani. Wageni wa nchi nyingine walishangaa, lakini sisi tulitabasamu, maana mtoto wetu avua viatu kila siku mlangoni mwa msikiti na madrasa. Tulijiuliza tu kwa nini adabu hiyo kwetu huishia msikitini, isifike kwenye darasa la hesabu, ilhali pale nako patafutwa elimu.

Mchana chakula kililetwa madarasani. Watoto wa zamu walivaa makoti meupe na kofia, wakawapakulia wenzao, na mwalimu akala pamoja nao chakula kile kile. Hakuna aliyetia tonge mdomoni kabla ya wote kupata na kutamka pamoja neno la shukrani, kisha wakatamka jingine walipomaliza. Baadaye ukafika wakati wa usafi. Kwa muda wa kama robo saa shule nzima ilipiga magoti. Watoto walifagia, wakafuta sakafu kwa matambara, wakapangusa ngazi na kusafisha vyoo. Wavulana na wasichana walifanya kazi moja, na mwalimu alishika tambara pamoja nao.

Hapa ndugu msomaji anaweza kusema kwamba watoto wetu nao hufagia. Ni kweli. Lakini tutazame hufagia nani na kwa sababu gani. Katika shule nyingi zetu anayepewa ufagio ni aliyechelewa, aliyepiga kelele au aliyesahau daftari. Kwa njia hiyo tunamfunza mtoto kwamba usafi ni adhabu na kwamba mtu mwema hashiki ufagio. Mara nyingine wasichana hubaki wakifagia ilhali wavulana wako uwanjani na mpira. Kisha mtoto huyo akiwa mtu mzima tunamlaumu kwa kutupa taka baharini. Sisi ambao dini yetu yaitanguliza tohara kabla ya sala hatukustahiki kungoja Mjapani atukumbushe hadhi ya usafi.

Hayo ni ya nje ya somo. Lililotugusa zaidi lilikuwa ndani ya somo lenyewe.

Tuliingia darasa la kwanza wakati wa hesabu. Mwalimu alieleza kwamba mtini palikuwa na matunda 13, yakachumwa 9, kisha akauliza yamebaki mangapi. Akaandika ubaoni 13 kutoa 9, na hakufundisha njia yoyote. Aliwaachia watoto wafikiri huku akipita polepole kati ya meza, akichungulia madaftari bila ya kusema neno. Kisha akawaita waeleze. Mmoja alihesabu moja moja. Msichana mmoja alisema 13 ni 10 na 3. Alitoa 9 kwenye 10 ikabaki 1, akaijumlisha na 3, akapata 4. Mwingine alitoa 3 kwanza, kisha akatoa 6 kwenye 10 iliyosalia. Wa nne alijiuliza tisa ijazwe na ngapi ifike kumi na tatu.

Mvulana mmoja alipata 16. Alikuwa ametoa 3 kwenye 9, kwa kuwa kutoa 9 kwenye 3 hakukuwezekana. Mwalimu hakumkemea, wala hakufuta. Aliiandika ubaoni 16 pamoja na majibu mengine, akaliuliza darasa mwenzao amefikiri vipi. Watoto wakaanza kuitafuta njia aliyopita, na mvulana mwenyewe ndiye aliyeng'amua pale alipopotea. Dakika 45 ziliishia kwenye hesabu ile moja. Ubao haukufutwa hata mara moja, na kipindi kilipomalizika habari yote ya somo ilikuwa imeandikwa pale, kutoka kushoto hadi kulia, kama hadithi. Wajapani wana neno kwa sehemu ile ya somo ambapo mawazo ya watoto huchanganywa na kulinganishwa. Huita neriage, yaani kukanda. Mama anayekanda unga wa mahamri alfajiri aelewa vyema maana yake. Unga usiokandwa vizuri hauumuki, hata ukitiwa hamira nyingi.

Siku hiyo hatukuwa wageni peke yetu. Walimu wote wa shule walikuwamo darasani, wamesimama kando ya kuta wakiwa na kalamu na karatasi. Somo lile walikuwa wameliandaa pamoja kwa wiki kadhaa, wakajadili hata nambari za kutumia, kwa nini iwe 13 na 9 na isiwe 12 na 3. Mmoja akachaguliwa kulifundisha na wengine wakaja kutazama. Utaratibu huu huitwa jugyou kenkyuu, yaani utafiti wa somo, nao umekuwapo katika shule zao kwa zaidi ya miaka 100.

Alasiri wanafunzi walipoondoka, walimu waliketi kwa mduara. Aliyefundisha alisema kwanza, akaeleza alichotarajia na kilichotokea. Kisha kila mmoja akasema alichokiona. Tulisikiliza kwa makini kupitia mkalimani. Mmoja alieleza kwamba mtoto wa safu ya pili alihesabu vidole chini ya meza kwa muda mrefu kabla ya kuandika. Mwingine alisema kwamba yule wa dirishani alibadili jibu lake baada ya kumsikia mwenzake. Hakuna aliyetaja sauti ya mwalimu wala mavazi yake, na hakuna aliyemtolea alama. Waliokuwa wakitazamwa ni watoto. Mwalimu aliyekuwa amefundisha alikuwa na zaidi ya miaka 20 kazini, naye aliandika kila neno lililosemwa kama mwanafunzi wa chuo.

Ndugu zangu walimu, tuseme ukweli. Kwetu mtu mzima akisimama nyuma ya darasa na faili mkononi, moyo wa mwalimu hushtuka. Aidha ni mkaguzi, au ni mwalimu mkuu aliyepokea malalamiko. Tumezoea kutazamwa kwa ajili ya kuhukumiwa, kwa hiyo tumejifunza kufunga mlango. Mwalimu hufundisha miaka 30 bila ya mwenziwe kumwona akifundisha hata mara moja. Akistaafu, maarifa yake yote huondoka naye siku moja, kama kisima kilichofukiwa. Na kosa lake, ikiwa lipo, hubaki na watoto miaka hiyo 30. Huu ndio umaskini wetu mkubwa, na wala hausababishwi na ukosefu wa fedha.

Siku moja tulipelekwa katikati ya mji, kwenye shule ya msingi ya Fukuromachi. Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, bomu la atomiki lililipuka karibu nusu kilomita tu kutoka shule ile, na wanafunzi na walimu waliokuwapo karibu wote wakaangamia. Lilisalia jengo moja la saruji, kuta zake zimekuwa nyeusi kwa masizi. Likageuzwa mahali pa kutibia majeruhi. Watu waliokuwa wakiwatafuta wanafunzi na jamaa zao waliokota vipande vya chaki wakaandika juu ya kuta zile nyeusi: fulani amefariki, fulani yuko mahali fulani, mwenye habari na atujulishe. Baadaye kuta zilipigwa lipu na maandishi yakasahauliwa, hadi yalipogunduliwa mwaka 1999 jengo lilipokaribia kubomolewa. Tangu mwaka 2002 sehemu hiyo ni makumbusho.

Tulisimama mbele ya ukuta ule kimya. Sisi ambao chaki ndiyo jembe letu hatukuwahi kufikiri kwamba yaweza kubeba uzito wa namna hiyo. Na tukafahamu kwamba shule tunazozistaajabia leo hazikujengwa na watu waliokuwa na raha. Zilijengwa upya na walimu waliofundisha chini ya miti na katika vifusi, wakiwa wamewazika wanafunzi wao.

Hatusemi haya ili kuipamba nchi ya watu. Japani nayo ina majeraha yake. Utafiti wa OECD wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba walimu wa sekondari ya chini nchini humo hufanya kazi saa 56 kwa wiki, kuliko wenzao wa nchi nyingine zote zilizoshiriki, na walimu tuliozungumza nao walikiri kuchoka. Wapo watoto wanaoonewa na wenzao hadi wakakataa kwenda shule. Vilevile darasa lao halizidi watoto 40, na kwa shule za msingi sheria ya mwaka 2021 imeelekeza idadi ishuke hadi 35. Mwalimu wetu mwenye watoto 60 chumbani ana haki ya kutukumbusha tofauti hiyo. Kwa sababu hiyo hatukuja na pendekezo la kuigiza kila kitu. Tumechagua yale ambayo hayahitaji kibali cha wizara wala mkopo wa benki.

Tuliporudi tuliwaomba walimu wenzetu watatu waandae somo moja pamoja nasi. Ilichukua alasiri mbili na birika la chai. Mwenzetu mmoja alikubali kufundisha, nasi wengine tukasimama kando ya ukuta, kila mmoja akitazama safu yake. Somo lilikwenda vizuri. Tulipoketi kuzungumza, mmoja wetu alisema kwamba msichana wa nyuma hakuinua uso kutazama ubao hata mara moja. Alikuwa akinakili kila kitu kutoka daftari la jirani yake, hata makosa. Kwa miaka miwili ripoti zake zilisema kwamba hajitahidi. Mamake aliitwa, mtoto akapelekwa kupimwa, na sasa avaa miwani. Hesabu alikuwa akiziweza, ila ubao ndio aliokuwa hauoni. Anayefundisha watoto 60 peke yake hawezi kuliona jambo hilo, hata awe hodari namna gani. Lilihitaji jicho la pili, na jicho hilo lilikuwa siku zote katika darasa la pili, nyuma ya mlango uliofungwa.

Kwa hiyo tuna maombi machache kwa jamii yetu. Walimu na waandae pamoja somo moja kila muhula, walitazame, kisha waketi walizungumze kwa adabu, wakiwatazama watoto na wala si mwenzao. Maalimu wa madrasa nao wanaweza, kwani mtoto anayekosea matamshi ya herufi hasikiki vyema na mtu mmoja aliyezungukwa na sauti 50. Walimu wakuu na waondoe ufagio katika orodha ya adhabu na kuutia katika ratiba ya siku, washike wavulana na wasichana, na mwalimu awe wa kwanza. Wazazi tusifike shuleni kulalamika kwamba mwanetu amefagia. Na wale wanaogharimia safari za walimu, iwe ni serikali, wahisani au kamati za misikiti, wasiridhike na ripoti iliyopigwa chapa vizuri. Msafiri akirudi na aambiwe afungue mlango wa darasa lake, afundishe, na wenziwe watazame.

Isawa na Takamine walipewa chuo kizima waligeuze. Sisi hatuombi chuo. Twaomba mlango mmoja uwe wazi katika kila shule, kuanzia muhula ujao, na kwamba atakayepita hapo awe mwalimu mwenzetu aliyekuja kuwatazama watoto wetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, awape walimu wetu subira, na awafungulie watoto wetu macho na nyoyo. Aamin. Wabillahi tawfiq.